Sura Inayorukwa

Jumanne hiyo saluni ilikuwa na wateja watatu na wazee tele. Wateja walikuwa kwenye viti. Wazee walikuwa wamejipanga ukutani karibu na sinki, maana Kipaza alikuwa akisoma Biblia na amefika kwenye ile orodha ndefu ya nani alimzaa nani, na kila alipotaja jina, mwenyewe alibisha hodi, akaingia, akasikiliza kama limetamkwa vizuri, kisha akatokea mlango wa nyuma ili kumpisha mwanawe.

"Rudia hapo," alisema mzee mmoja mwenye ndevu za kufika kiunoni. "Umenikata mkia."

Kipaza alikuwa mama muuza mboga sokoni, na jina hilo alilipata kwa ajili ya sauti yake. Alirudia jina kwa nguvu mpaka kitana kikaanguka mezani.

"Umeridhika?"

"Sasa ndiyo mimi," mzee akasema, akashika njia.

Msusi hakuinua kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyejua kutulia. Hata asipokuwa na kichwa cha mtu mikononi, vidole vyake vilisuka nyuzi za taulo, vikafumua, vikasuka tena. Akikaa, goti lilicheza. Sharti la saluni yake lilikuwa moja tu siku hizo: anayesukwa ndiye anayesoma, kwa sauti, na haruki kitu.

Sharti hilo lilianza baada ya ajali ya shemeji yake, mume wa dada yake. Shemeji alikuwa na lori la kubeba saruji. Lori lilipinduka bondeni, naye akabaki humo ndani kichwa chini, usukani umembana kifua, mafuta yakimdondokea shingoni. Hapo ndipo alipofungua kinywa na kumwahidi Mungu kwamba akitoka salama, atamtolea kitu anachokipenda kuliko vyote nyumbani mwake. Alitoka bila hata mkwaruzo. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akasema amepekua moyo wake na hakuona kitu anachokipenda kumzidi binti yake. Kwa hiyo binti angepelekwa nyumba ya maombi kule mlimani, akae huko maisha yake yote, asisome tena, asifanye kazi nje, asiolewe.

Watu walipiga makofi. Wengine walilia kwa furaha.

Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya spika iliyokuwa inakwaruza, bisibisi mdomoni. Mtaa mzima ulimwita Swichi, kwa sababu alikuwa anasomea umeme chuoni na hapakuwa na taa iliyozimika akashindwa kuiwasha. Aliposikia akitajwa, alimalizia kukaza skrubu, akafunga kifuniko, ndipo akatoka kuangalia watu wanampigia nani makofi. Mama yake, ambaye ni dada wa msusi, alikuwa amekaa katikati ya akina mama wenzake akiitazama mikono yake.

Kesho yake msusi alikwenda kwa mchungaji.

"Mchungaji, hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto anaweza kukataa?"

"Maandiko ni mapana, mama," mchungaji alisema huku akifunga zipu ya mkoba. "Yasome yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo uje tuongee."

Alijua watu wengi huishia kwenye majina. Msusi hakuishia kwenye majina. Chumba cha Swichi kule mlimani kilikuwa bado kinajengwa, na kila lori la shemeji lilipopita barabarani likiwa na mzigo, msusi alimgonga msomaji begani kwa kitana na kumwambia aongeze mwendo.

Wakasoma. Kwenye gharika, maji yaliingia saluni hadi kwenye vifundo vya miguu, wakapandisha nyaya za mashine ya kukaushia nywele juu ya meza na kuendelea. Kwenye habari ya yule baba aliyemfunga mwanawe juu ya kuni, kondoo dume alitokea uani, pembe zimenaswa kwenye kamba ya taulo. Kipaza alisoma kwamba kondoo huyo alichukuliwa akachinjwa badala ya kijana, lakini kondoo alibaki palepale akitafuna taulo, wala hakuna aliyekuja kumdai. Msusi akamfunga kwenye bomba la nyuma, akawa anamletea majani aliyobakiza Kipaza sokoni. Walipofika kwenye sheria za ukoga, ukuta wa saluni ulitoka mabaka ya kijani, na kuhani mmoja mwembamba wa kanzu nyeupe akaja kuyatazama. Aliwafungia saluni siku saba, akarudi, akasema wakwangue. Hawakubishana naye. Walikwangua.

Dada alikuwa akija kila alasiri. Alikaa dirishani akichambua vibanio vya nywele, vizuri huku, vilivyopinda kule. Zamu ya kusoma ilipomfikia alisema miwani yake haimfai, ikapita.

Siku moja Kipaza alisoma jambo lililomfanya msusi aache njia ya kitana katikati ya kichwa. Lilikuwa mwishoni mwa kile kitabu cha sheria. Mtu aliyewekwa nadhiri angeweza kukombolewa kwa fedha.

"Rudia."

Kipaza akarudia.

Msusi aliinyakua Biblia, akatoka mbio na aproni yake hadi kwenye yadi ya malori. Shemeji alikuwa uvunguni mwa lori akipaka grisi. Alitoka, akajifuta mikono vizuri, akausoma ukurasa wote polepole, midomo ikicheza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuheshimu kila aliloshikishwa.

"Hii ni sheria ya zamani, shemeji," akasema. "Ilishapita."

"Na nadhiri je?"

"Nadhiri haipiti."

"Lakini si zote mbili ziko ukurasa mmoja?"

"Ndiyo ugumu wa Maandiko huo," alisema kwa huruma, akamrudishia kitabu akikishika kwa ncha za vidole ili asikichafue.

Kipaza alikuwa bado kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Msusi alirudi, akashika nywele alipoziachia, akasema, "Tuendelee. Humu ndani kipo. Hakiwezi kukosa."

Wakaendelea. Msusi alikonda. Alikula amesimama, akasuka haraka hata wateja wakalalamika ngozi inavutika. Ilipofika zamu ya Swichi, walikuwa kwenye sura za vita na waamuzi, na kuta zilikuwa zimejaa vumbi la farasi ambalo halikukubali kufutika. Swichi aliomba asukwe kichwa kizima, nyembamba kabisa. Alijiwekea Biblia mapajani, akasoma jinsi shujaa mmoja alivyomwekea Mungu nadhiri: akishinda vita, atamtolea chochote kitakachotoka mlangoni kwake kuja kumlaki. Akasoma jinsi alivyoshinda. Akasoma nani alitoka mlangoni, tari mkononi.

Sauti yake haikutetemeka. Vidole vya msusi ndivyo vilivyokosea mstari.

Kabla sura haijaisha, mtu alibisha hodi. Alikuwa msichana wa umri wa Swichi, miguu imejaa vumbi, mkononi ameshika tari.

"Karibu," alisema msusi. "Kuna watu wawili mbele yako."

"Nitasubiri," msichana akasema. "Baba amenipa miezi miwili."

Swichi alisogea kwenye kiti akampa nafasi ya kuweka tari, akamalizia kusoma. Sura haikumkomboa mtu. Ilisema baba alitimiza alichoahidi, ikaishia hapo.

Msusi alilamba kidole, akafunua ukurasa unaofuata, na mwingine, akarudi nyuma. Alimwambia Swichi asome tena, polepole, huenda wameruka neno. Swichi akasoma tena. Hawakuwa wameruka neno.

Zamu ya msichana ilipofika, msusi aligusa nywele zake. Zilikuwa nyingi na nzito.

"Unataka mtindo gani?"

"Wowote unaochukua muda."

"Msuke mtindo wa twende kilioni," alisema Kipaza, ambaye mdomo wake ulitangulia kila wakati.

"Huo ni wa haraka," msusi akasema, akaanza kugawa nywele vijisehemu vidogo vidogo.

Msichana alikuja kila siku. Kila asubuhi nywele zake zilikuwa zimefumuka zenyewe, kama hazijaguswa, na msusi alianza upya bila kunung'unika. Wateja walimzoea. Walimtuma dukani kuchukua sabuni, akarudi na chenji sahihi. Yeye na Swichi walikaa pamoja, Swichi akimwonyesha jinsi ya kuunganisha waya mbili bila kuchoma kidole. Alijifunza upesi.

"Yatakufaa nini?" Swichi alimuuliza.

"Na wewe yatakufaa nini?"

Wakacheka, wote wawili, mpaka Swichi akaweka bisibisi chini.

Siku moja Kipaza, akisubiri nywele zikauke, alimwuliza yule msichana, "Mama yako anasemaje kuhusu haya mambo?"

"Mama hakuandikwa," msichana akajibu.

"Hakuandikwa vipi? Ameshafariki?"

"Sijui. Baba yupo, na vita, na wazee wa mji. Nimepekua sura yote. Mama hayupo."

Dada aliinuka dirishani. Alikwenda kwenye sinki akaosha vikombe vilivyokuwa safi, kimoja kimoja, akavifuta, akavirudisha alipovitoa.

Msusi alishindwa kuvumilia. Alimvuta msichana uani.

"Toroka," akamwambia. "Mlango huu hapa, hata komeo hauna."

"Nimejaribu, mama. Kila nikitoka, natokea kwenye aya ileile."

"Basi mchukue huyu." Msusi alikuwa tayari ameshafungua kamba ya kondoo. "Mpeleke kwa baba yako. Mwambie ulimwona njiani. Mwambie ameletwa."

Msichana alichuchumaa, akamkuna kondoo kati ya pembe. Kondoo alifumba macho.

"Huyu alitumwa kwa mvulana," akasema. "Mimi sikutumiwa."

Msusi alibaki na kamba mkononi. Goti lake, lililokuwa likicheza miaka yote, lilitulia kidogo, kisha likaanza tena kwa nguvu zaidi.

Chumba kilikamilika. Shemeji alikuja na lori asubuhi, amevaa suti ya kanisani, viatu vinang'aa. Saluni ilikuwa na watu. Begi la Swichi lilikuwa tayari tangu jana yake, mama yake ndiye aliyemfungia, nguo zote zimekunjwa kwa kulinganishwa, na bisibisi limeviringishwa ndani ya soksi ili lisionekane.

Shemeji aliwasalimia wote. Alimwona msichana mgeni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akamsalimia peke yake.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Alikuwa vitani."

"Alirudi salama?"

"Alirudi."

"Mungu ni mwema," alisema shemeji.

Msusi alimleta kondoo hadi ndani, katikati ya viti. "Shemeji, mchukue huyu badala yake. Huyu ni yule mwenyewe. Walimkubali wakati ule."

Shemeji alimtazama kondoo kwa makini, akamshika pembe, akamwangalia meno. Alikubali kuwa ni kondoo mzuri. "Lakini sikuahidi kondoo," akasema. "Niliahidi kitu ninachokipenda. Kondoo wa watu nitampendaje?"

Hapo Swichi akasimama. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri kuliko kichwa chochote kilichowahi kutoka saluni ile.

"Baba, mimi sijakubali."

Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa ikinguruma, mteja aliyekuwa chini yake akaizima ili asikie.

"Hukuulizwa, mwanangu," shemeji alisema taratibu. "Hili si jambo la kukubali au kukataa. Mimi ndiye niliyefungua kinywa."

"Ulipofungua, ungetaja lori."

"Lori lilikuwa limepinduka."

"Ungejitaja wewe."

Shemeji akaketi kwenye kiti cha wateja, akashika shavu, machozi yakaanza kumtoka, makubwa, yakilowesha tai. "Mnadhani siumii?" akasema. "Mnadhani ni rahisi? Ni mimi nitakayerudi kwenye nyumba tupu. Ni mimi!"

Akina mama walimzunguka. Mmoja alimletea maji, mwingine akampepea kwa jarida la mitindo ya nywele. Kipaza mwenyewe, kwa mazoea ya misibani, alijikuta anampigapiga mgongoni akimwambia jikaze baba, jikaze. Walipokuja kukumbuka kumwangalia Swichi, alikuwa ameshapanda lori.

Yule msichana alichukua tari yake. "Naelekea hukohuko," alimwambia shemeji. "Naomba lifti."

"Panda, binti."

Walikaa sako kwa bako kwenye kiti cha mbele. Dada alikuwa mlangoni mwa saluni. Swichi alishusha kioo, akamtazama mama yake, akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha kwa mtu kusema neno moja, hata mawili. Dada alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Lori likawaka, likaondoka.

Jumapili iliyofuata shemeji alikaribishwa mbele akakumbatiwa. Mchungaji alisema imani kama hiyo haipatikani siku hizi. Mwanamume mwingine, ambaye biashara yake ilikuwa inayumba, alisimama kwenye viti vya nyuma akasema yeye naye ana mabinti.

Msusi alimsubiri mchungaji nje.

"Nimefika kwenye ile ya binti na nadhiri ya baba yake," akamwambia. "Inasema baba alitimiza. Haisemi alifanya vizuri, haisemi alifanya vibaya. Tufanyeje?"

Mchungaji alimtazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Hiyo sura, mama, sisi huwa tunairuka," akasema. "Haijengi. Lakini wewe endelea, unafanya vizuri sana."

Wiki nzima hakuna aliyesoma saluni. Wateja walisukwa kimya, redio ikiimba. Msusi alifanya makosa ambayo hakuyafanya hata alipokuwa anajifunza. Aliinuka kitini, akaketi, akaenda uani kumtazama kondoo, akarudi.

"Mimi na hicho kitabu basi," alisema Kipaza. "Nilidhani tutafika mahali. Kumbe ndiyo kwanza tunaingia gizani. Nimechungulia mbele, dada yangu, kuna ya kutisha kuliko hiyo. Kuna mwanamke huko mbele, hata kusimulia siwezi."

"Najua."

"Sasa tunatafuta nini?"

Msusi alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vikisuka hewa. "Yule msichana alipoingia hapa," akasema, "unadhani kuna mtu aliwahi kumkaribisha kiti? Wote wanairuka. Miaka yote hiyo anapita kwenye aya ileile na mlango umefungwa."

"Na sisi tulimsaidia nini?"

"Hakuna."

"Ehe."

"Lakini alikaa," msusi akasema. "Alikaa akasukwa."

Kipaza hakuitaka Biblia tena. Ilikuwa mezani, katikati ya chupa za mafuta, ikikusanya vumbi.

Dada ndiye aliyeichukua. Aliinuka dirishani, akaketi kwenye kiti cha wateja ambacho hakuwahi kukikalia tangu sharti lianze, akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa na mvi kuliko mdogo wake alivyodhani. Akavaa miwani. Ilikuwa inamfaa kabisa.

"Nisuke," akasema. "Tuliishia wapi?"

"Ile ya msichana imeisha. Ni inayofuata."

Dada alianza kusoma. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye kutu, kama mlango wa stoo. Nje, lori la shemeji lilipita likiwa na shehena ya saruji; walikuwa wanaongeza vyumba kule mlimani. Dada alisubiri kelele ipite, akaendelea. Sura ilihusu vita vya ndugu kwa ndugu, na kivuko cha mto ambapo wenye silaha walimsimamisha kila mpitaji na kumtaka atamke neno moja. Aliyelikosea aliuawa palepale.

Wapitaji wale walikuja bila hodi, mmoja mmoja, wanaume kwa vijana, miguu imelowa hadi magotini. Walisimama mlangoni na kando ya barabara mpaka mbali, wamefumba midomo, wakiogopa kuulizwa. Maji yaliwachuruzika sakafuni. Kipaza alisonya, akaenda kutafuta fagio la maji.

Dada alifika kwenye lile neno, akakwama. Alilitazama. Watu wote pale mlangoni wakamtazama yeye.

"Ruka ukitaka," alisema Kipaza kwa sauti ya chini, ya kwanza maishani mwake.

Dada alitikisa kichwa. Alilitamka alivyoweza, na halikutoka sawa. Wale watu mlangoni wakashusha pumzi, wakaitikia kwa vichwa kwamba hata wao walilitamka hivyohivyo.

Msusi akawasogezea benchi.